Stika imetoka, gundi imebaki

Mtu aliyekulia Bonde la Kilombero hapasui fenesi mikono mikavu. Kabla kisu hakijagusa ganda, mafuta ya kupikia yameshapita viganjani, kwenye ubapa wa kisu na hata kwenye sinia. Utomvu ukitoka unakuta pa kuteleza. Aliyesahau, akabaki na vidole vilivyogandana, anarudi kwenye mafuta yaleyale: anasugua taratibu, utomvu unalegea na kujiviringa, kisha ndipo sabuni inafuata. Hakuna mama wa Mang'ula wala Kiberege anayemwambia mtoto aukwangue utomvu kwa kisu, wala anayemsukuma bombani mikono ikiwa bado inanata, maana maji hayaufanyi utomvu kitu.

Sasa mtazame mtu huyohuyo siku amenunua pikipiki ya mkononi pale Kibaoni. Tenki limebandikwa stika za mwenye nayo wa kwanza: jina la mtoto wake, nembo ya timu ambayo mnunuzi hawezi kuonekana nayo, na nusu ya uso wa mgombea wa uchaguzi uliopita. Anaingiza ukucha, karatasi ya juu inachanika vipandevipande, gundi inabaki. Muda si mrefu ana wembe mkono mmoja na kitambaa chenye petroli mkono wa pili. Gundi inatoka, hilo halikataliki. Ila inatoka pamoja na mng'ao wa rangi, na kesho yake asubuhi tenki lina doa la weupe ambalo litakuwapo mpaka pikipiki iuzwe tena.

Ukikaa kwenye kijiwe cha bodaboda ukayachunguza madoa hayo, utaona kwamba mara chache sana gundi ndiyo iliyoharibu chombo. Gundi huchafua tu. Kinachoharibu ni haraka ya kuitoa, na cha ajabu ni kwamba wanaoharibu ni watu ambao nyumbani kwao, mbele ya fenesi, wanajua kabisa namna ya kufanya.

Ifakara ni mji wa magurudumu mawili. Ardhi ya bonde ni tambarare, na kwa miaka mingi baiskeli ndiyo iliyobeba mpunga kutoka shambani, mgonjwa kwenda Hospitali ya Mtakatifu Francis, ndizi kwenda sokoni na mama mwenye mtoto mgongoni na dumu la maji nyuma. Bodaboda zilipoingia hazikuifukuza baiskeli, zilisogea tu zikakaa nayo. Na kila chombo kina maneno yake: methali, aya, jina la mchumba, onyo kwa wenye wivu. Bajaji zina zaidi, kwa sababu zina kioo. Hapo huongezeka stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, zinazobandikwa mwaka juu ya mwaka, na mabaki ya stika za bima za zamani. Gari lililokuwa barabarani kabla ya bajeti ya 2017/18, serikali ilipofuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, mara nyingi bado lina alama ya mraba kwenye kona ya kioo cha mbele. Leseni ilifutwa kwa sheria, gundi yake haikuguswa.

Bonde lenyewe halimsaidii mwenye gundi. Kiangazi kuna vumbi, na kila chembe inayopita inanasa pale palipobaki unato, ndiyo maana mabaki ya stika huwa na ukingo mweusi kana kwamba yamechorwa kwa makaa. Masika kuna unyevu usioisha. Palipokwanguliwa kwa kisu kwenye bomba la baiskeli, chuma kikabaki uchi, kutu haichelewi. Mwanzoni huonekana mstari mwekundu mwembamba, baadaye rangi ya pembeni inaanza kuvimba na kujibandua yenyewe. Fundi wa baiskeli anayeijua kazi yake hukuonyesha kisu kilipopita hata kama kilipita mwaka juzi.

Kilichomo ndani ya unato

Gundi ya stika si kama ya seremala. Ya seremala hukauka ikawa ngumu, na ndiyo sifa yake. Ya stika imetengenezwa kwa makusudi isikauke. Ni mpira laini, wa asili au wa kiwandani, uliochanganywa na utomvu mgumu wa miti au wa petroli ili unate. Ukiigandamiza kwa kidole, inatiririka polepole sana na kuingia kwenye vijitundu vya rangi visivyoonekana kwa macho, ikashika. Haihitaji maji wala moto. Stika nyingi za kisasa za plastiki hutumia akriliki badala ya mpira, ambayo huvumilia jua zaidi na huwa ngumu zaidi kuitoa.

Historia yake ina kichekesho. Utepe wa kubandika wa kisasa ulibuniwa Marekani mwaka 1925 na Richard Drew, kijana wa kampuni ya 3M, baada ya kuwaona mafundi rangi wa magari wakilaani. Walikuwa wanapaka gari rangi mbili, wanafunika upande mmoja kwa karatasi iliyobandikwa, na wakiibandua, rangi mpya inaondoka nayo. Drew aliwatengenezea utepe unaoshika lakini unaokubali kuachia. Miaka kumi baadaye, 1935, R. Stanton Avery alianza kutengeneza vibandiko vya bei vyenye gundi yake mgongoni, na jina alilokipa kiwanda chake, Kum Kleen, lilikuwa ahadi kwamba kibandiko kitatoka kisafi. Yaani vitu vyote viwili vilizaliwa kwa ajili ya kubanduliwa. Mambo yaliharibika baadaye, wauzaji walipotaka stika zisizotoka kirahisi.

Bonde la Kilombero nalo halikuwa mbali na malighafi ya vitu hivi. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mpira wa mwituni, unaotokana na mitambaazi ya jamii moja na mbungo, ulikuwa bidhaa kubwa ya biashara ya nje katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na bei yake ilianguka vibaya mwaka 1913 mashamba ya Asia yalipojaza soko. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika jinsi wavunaji wa Afrika Mashariki walivyofanya: mtu anakata mmea, maziwa yanachuruzika, anayapaka mkononi mwake mpaka kwenye kiwiko, yanaganda juu ya ngozi, kisha anayabandua taratibu na kuyaviringa kuwa donge. Baadaye likaja shamba la miti ya mpira la Kalunga, humuhumu Kilombero, lililopandwa kwa ajili ya kiwanda cha matairi cha General Tyre kilichokuwa Arusha.

Na watoto wa bonde wamecheza na gundi tangu hapo. Anayejua kutengeneza ulimbo wa kunasia ndege, akachemsha utomvu mpaka ukavutika, anajua pia kwamba ukimganda nywelani hakuna maji yatakayomwokoa. Mafuta tu.

Mafuta kwanza, tena na subira

Sababu ni nyepesi. Kitu cha jamii ya mpira na utomvu hakilainiki kwa maji kwa sababu hakichangamani nayo. Kinalainika kwa kitu kinachofanana nacho, na mafuta ni jamaa wa karibu aliye salama. Alizeti, mawese, nazi, karanga, hata siagi ya karanga iliyosahaulika kabatini, vyote hufanya kazi ileile, na kinachofanya kazi ndani yake ni mafuta peke yake. Hakuna haja ya kununua cha bei kali.

Mahali watu wanapokosea ni kwenye muda. Mafuta hayayeyushi gundi mara moja, yanaipenya. Anayepaka na kusugua hapohapo hataona kitu, ataamini mafuta hayafai, ataiendea petroli. Fundi mmoja mtu mzima niliyemkuta akisafisha tenki alikuwa na utaratibu ambao sijaona haja ya kuuboresha. Alikunja kipande cha khanga kuukuu, akakilowesha mafuta ya alizeti, akakilaza juu ya gundi na kukifunika kwa mfuko wa nailoni ili kisiteleze. Kisha akaenda kuziba pancha ya mtu mwingine. Aliporudi, akaanza kusugua kwa kidole gumba, kwa miviringo midogo, upande mmoja tu. Gundi ikaanza kukusanyika kuwa vijipande vya kijivu kama taka za ufutio wa shuleni. Kijana mwenye pikipiki akamharakisha: "Mzee wangu, si uweke petroli tumalize?" Akajibiwa bila kuinuliwa macho: "Mwanangu, rangi ni yako. Ukitaka nikupe petroli, chukua, ila ukasugulie kwako."

Penye gundi nene aliongeza joto. Hili nalo watu hulichukulia kwa pupa. Joto linalohitajika ni la kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, au drai ya saluni ikishikwa mbali kidogo, au jua la Ifakara la saa saba mchana, ambalo ni la bure. Gundi ikipata uvuguvugu inakuwa laini, na stika ambayo haijachanika unaweza kuianza kwenye pembe na kuivuta polepole ukiikunjia nyuma juu ya mgongo wake, si kuivuta kuelekea juu. Ukivuta kwa kasi, karatasi inaachana na gundi, nawe umejiongezea kazi. Ukienda taratibu mara nyingi vyote hutoka pamoja.

Kiberiti cha gesi, hapana. Nimemwona mtu akipasha stika ya tenki kwa kiberiti, tenki likiwa na mafuta na mfuniko wa kizamani usioziba vizuri. Hapo suala la rangi linakuwa dogo.

Ujanja mwingine haugharimu kitu: solotepu pana ya kufungia maboksi. Bandika kipande juu ya mabaki, kigandamize vizuri, kivute kwa nguvu moja. Gundi mpya hupendelea kuondoka na gundi ya zamani kuliko kubaki nayo kwenye rangi iliyo laini. Rudia kwa kipande kipya. Kwenye tenki zima hutamaliza kazi kwa njia hii, lakini itapunguza nusu kabla mafuta hayajaingia.

Baada ya mafuta, sabuni. Hapa napo wengi huachia njiani. Mafuta yakibaki, vumbi litakaa juu yake kwa furaha kuliko lilivyokaa juu ya gundi. Sabuni ya kuoshea vyombo, maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, suuza, kausha. Na angalia mafuta yanakotiririkia. Baiskeli nyingi za bondeni bado zina breki za vyuma zinazobana ringi. Ringi iliyopakwa alizeti haishiki, na mwenye baiskeli atalijua hilo kwa mara ya kwanza akiwa kwenye mteremko wa kuingia daraja akiwa na gunia nyuma. Hata diski ya pikipiki ni hivyohivyo. Funika kwanza, ndipo ufanye kazi.

Kwa gundi ya akriliki, ile ya stika za plastiki zinazong'aa, mafuta huchelewa. Hapo spiriti husaidia, ya dukani ya kusafishia au ile ya duka la dawa. Lowesha kitambaa, si chombo. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, chini ya siti au upande wa ndani wa madigadi. Kitambaa kikitoka na rangi ya pikipiki, acha hapohapo, rangi hiyo haiitaki. Rangi za dukani zilizopigwa kwa bomba la mtaani huwa hazivumilii kama za kiwandani.

Kuna wanaoshauri ndimu. Wana sehemu ya ukweli, ila huwa wanakamua sehemu isiyofaa. Maji ya ndimu ni asidi na hayana habari na gundi. Kinachoilegeza ni mafuta yaliyo kwenye ganda, yale yanayoruka na kuuma macho ukilikunja. Ganda la chungwa lina zaidi. Lisugue lenyewe juu ya gundi, upande wa rangi ukiangalia chini.

Vinavyoharibu

Petroli ina sifa mbaya tatu kwa pamoja. Inavukiza haraka kiasi kwamba haipati muda wa kupenya gundi, hivyo mtu huongeza na kuongeza. Inafubaza plastiki na rangi. Na mvuke wake unashika moto hata penye baridi, nasi hatuna baridi. Mafuta ya taa ni nafuu kidogo kwa sababu yanavukiza polepole na hayashiki moto kirahisi kama petroli, na kwa gundi ya mpira wa kawaida yanafanya kazi nzuri. Lakini bati lililokaa juani Ifakara mchana linaweza kupata joto la kutosha kuyafanya nayo yawe ya hatari, kwa hiyo ni kivulini, penye upepo, mbali na jiko na sigara, na kitambaa kilichotumika kisitupwe penye moto wa takataka.

Tina ni dawa ya rangi, na jina lake la kazi ni kuyeyusha rangi. Fundi anaihitaji kuipunguza rangi iwe nyepesi. Ukiipaka juu ya rangi iliyokauka, usishangae ikifanya kazi iliyotengenezewa. Dawa ya kutolea rangi ya kucha, ile yenye asetoni, ni ndugu yake. Kwenye kioo haina neno. Kwenye kitu kingine chochote cha pikipiki, iache kwenye pochi ya dada.

Jivu ndilo linanisumbua zaidi, kwa kuwa ni letu. Kila mashine ya kukoboa mpunga bondeni ina kilima cha maganda nyuma yake, na jivu la maganda hayo limekuwa likisugua masufuria tangu bibi zetu. Linafanya kazi vizuri kwa sababu ni mchanga mtupu, kwa namna ya kusema: sehemu kubwa sana ya jivu la maganda ya mpunga ni silika, madini yaleyale yanayofanya mchanga uwe mchanga. Ukichoma kilo 100 za maganda unabaki na takribani kilo 20 za jivu, kiwango ambacho mimea michache hukifikia. Kwa sufuria lenye masizi ni zawadi. Kwa tenki lenye vanishi ni msasa. Gundi itatoka, na chini yake utakuta mikwaruzo myembamba maelfu ambayo ukiitazama juani inazunguka kama utando wa buibui. Waya wa kusugulia vyombo hufanya vilevile, kwa kasi zaidi.

Wembe una mahali pake, nao ni kioo. Kioo cha bajaji au cha gari, kikiwa kimeloweshwa maji ya sabuni, kinakubali wembe uliolazwa karibu kabisa na uso wake. Ila si kioo kilichobandikwa tinti, na si kioo cha nyuma chenye nyaya nyembamba za joto. Taa ya mbele ya pikipiki za siku hizi si kioo, ni plastiki. Huko tumia kadi ya plastiki ya zamani ya simu au ya benki, ambayo haina ukali wa kukwaruza na ina ugumu wa kusukuma gundi iliyolegea.

Kabla ya yote hayo, pitisha ukucha kwenye ukingo wa mchoro. Ukikwama, ni stika iliyobandikwa juu. Usipokwama, kiwanda kimeuweka mchoro chini ya vanishi, na hakuna mafuta yatakayoufikia. Wapo waliomaliza mchana mzima wakisugua jina la kampuni lililokuwa ndani ya rangi.

Helmeti

Hapa makosa hayaishii kwenye sura ya chombo. Helmeti ina ganda la plastiki nje na kiini cheupe cha povu gumu ndani, lile linalofanana na boksi la kuhifadhia dawa zinazohitaji baridi. Povu hilo ndilo linalosagika badala ya fuvu mtu akianguka. Sasa chukua kipande chake kidogo kilichovunjika, ukidondoshee petroli. Kinasinyaa mbele ya macho yako na kuwa ute. Asetoni hufanya vivyo hivyo. Ganda la nje nalo, kama ni la aina fulani za plastiki, likiguswa na petroli au tina hupata nyufa nyembamba ambazo hazionekani siku hiyo. Helmeti itaendelea kuonekana nzima na kung'aa, imetolewa stika ya bei na kusafishwa, na hakuna anayejua kwamba imekwisha kazi.

Kwa helmeti, maji ya uvuguvugu, sabuni laini na subira, basi. Gundi ikikataa, tone la mafuta ya kupikia kwenye kidole, juu ya ganda tu, lisipite ukingoni kuingia ndani, kisha sabuni. Ikikataa tena, iache. Helmeti yenye doa la gundi inaokoa kichwa vilevile. Ningependa kuona maneno haya yamebandikwa vijiweni, kwa stika ikibidi.

Na zipo stika zisizopaswa kutoka kabisa. Zile zinazong'aa usiku kwenye madigadi ya nyuma ya baiskeli ni zaidi ya urembo. Barabara ya kutoka Kidatu sasa ina lami, malori yanapita kwa mwendo ambao enzi za mashimo yasingeuthubutu, na mwenye baiskeli isiyo na taa anayerudi kutoka shambani jioni anaonekana kwa ule mng'ao tu.

Mbao ni habari nyingine

Kila nilichosema kuhusu mafuta kigeuze ukifika kwenye mbao ghafi. Bonde lina msaji wa kupandwa, na mafundi seremala wa Ifakara hutengeneza vitanda, milango na meza ambazo duka huzibandika bei. Ubao usio na vanishi ukinywa mafuta, doa linabaki, na vanishi ikija baadaye haishiki hapo. Kwa mbao ni joto kidogo, kukwangua kwa kadi kwa kufuata nyuzi za ubao, kisha spiriti kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Msasa mwishoni, nao ufuate nyuzi.

Anayelijua hili kwa vitendo kuliko wengi ni kijana wa skeitibodi, ule ubao wa magurudumu. Ifakara sijaona uwanja wake, lakini jirani zetu wanao: Kitintale, pembezoni mwa Kampala, vijana walijijengea wa zege tangu 2006, na Nairobi upo wa Shangilia uliofunguliwa 2013. Mbao nyingi za mchezo huo katika ukanda wetu hufika zikiwa zimeshatumika, kama zawadi kutoka nje, na ubao uliotumika huja na msasa wa kubandika uliochakaa juu yake, ule unaoshika viatu. Kuubandua ni kama kubandua stika kubwa kuliko zote. Ukipashwa joto kidogokidogo kuanzia ncha moja, unatoka wote kama ngozi. Ukivutwa baridi, unachukua nyuzi za ubao. Kinachobaki ni gundi, na chini yake kuna ubao wa tabaka, kwa kawaida saba za mti wa maple, zilizogundishwa pamoja. Kwa hiyo mtu anatakiwa atoe gundi moja bila kuilegeza nyingine. Kuuloweka ubao kwenye beseni kunaumaliza, kwa sababu maji yakipenya pembeni tabaka huanza kufunuka. Spiriti kidogo, kadi, na kitambaa kikavu nyuma yake ndivyo vinavyofaa. Magurudumu yanafunguliwa kwanza na kuwekwa kando, maana dawa kali ikichuruzika kwenye beringi huosha grisi yote, na asetoni huyaharibu magurudumu yenyewe.

Chupa na madumu hayahitaji maelezo marefu. Lebo za karatasi za chupa za bia na soda mara nyingi hushikiliwa na gundi ya maji, na kuziloweka kwenye maji ya moto yenye magadi hutosha. Viwanda vya vinywaji huosha chupa zao kwa magadi makali zaidi katika joto la karibu nyuzi 80. Wauza asali na mafuta wanaotumia tena chupa hizo wanaujua mchezo. Ndoo za rangi zenye stika za plastiki zinarudi kwenye mafuta na solotepu, kama tenki.

Linabaki jambo moja ambalo huwakatisha tamaa waliofanya kila kitu sawasawa. Mafuta yamepita, sabuni imepita, kidole kikipita hakikwami popote, na bado umbo la stika linaonekana: mraba uliokoza kwenye rangi iliyopauka, na ukitazama kwa pembe, hata sura ya yule mgombea inasomeka. Hiyo haina gundi tena. Ni jua lililopausha tenki lote isipokuwa pale stika ilipokinga. Kusugua hakuondoi kitu kwa kuwa hakuna kitu cha kuondoa, na hapo ndipo wengi hushika tena petroli wakidhani kazi haijaisha. Kompaundi laini ya kung'arishia, ikisuguliwa tenki zima na si pale penye umbo tu, hupunguza tofauti kwa kuirudisha rangi iliyopauka karibu na iliyokingwa. Fundi rangi atakuambia ni bora upige upya. Vijana wa kijiwe wana suluhisho la bei rahisi zaidi, nao huchagua stika mpya iliyo kubwa kidogo kuliko ile ya zamani, wakaibandika palepale.